Bata Mzinga wa Porini si wa Kuoka

Sisi tuliozoea mbuzi na kuku wa kienyeji, Marekani hutujaribu kwa namna ya ajabu: nyama imejaa madukani, lakini ile tunayoitaka ndiyo yenye bei. Huku Missouri ninakoishi, kuku wa kisasa ni wa bei ya chini kabisa. Unambandika jikoni, dakika ishirini ameshaachana na mifupa, na mchuzi wake hauna neno la kusema. Mbuzi wa halali unamfuata mjini kwenye duka la Wasomali, unalipa, unatoka kimya kimya na mfuko mdogo. Nyumbani kuna watoto wanaokua na wageni wasiopiga hodi. Kwa hiyo nilipoanza kuwasikia wenzangu kazini wakizungumzia bata mzinga wa porini kila ifikapo Aprili, wao walikuwa wanaongelea mchezo, mimi nikawa nasikia kitoweo.

Naandika kwa sababu kila nikimwekea sahani mgeni wa nyumbani, maswali huwa yale yale. Umempata wapi? Inaruhusiwa? Ni halali? Umetumia shilingi ngapi? Na mbona ana ladha ya jogoo wa shambani? Hilo la mwisho ndilo lenye ufunguo wa mengine yote. Ndege huyu ni kuku wa kienyeji wa Marekani. Anatembea kutwa nzima, anakula mbegu, wadudu na matunda ya mialoni, analala juu ya mti, na dume aliyekomaa ana misuli ya miguu ambayo kuku wa dukani hataiota. Ukimpika kama wa dukani utamlaumu bure. Ukimpika kama mama zetu wanavyompika jogoo mzee, huna haja ya kumtafuta mbuzi mwezi huo.

Nianze na sheria, maana hapo ndipo wengi wetu tunaposhtuka. Mimi ni mtu wa Kondoa, Tanzania. Utotoni tulitega kanga na kwale kwa tanzi za singa, na hakuna mtu mzima aliyetuuliza kitu ilimradi tumeleta nyumbani. Lakini ukubwani nyumbani neno nyamapori mtu hulitamka huku akiangalia mlango. Kukutwa na kipande bila kibali ni kesi ya nyara za serikali, na watu wamekwenda jela kwa sufuria moja. Hata mabucha ya nyamapori yaliyoruhusiwa miaka ya karibuni yanataka leseni na risiti. Nilikuja huku na hofu hiyo moyoni, nikakuta kibali cha msimu wa masika kinanunuliwa kwa simu ukiwa umekaa kwenye kochi. Kwa mkazi wa jimbo ni chini ya dola 20.

Masharti yapo, na ni makali kwa namna yake. Aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1967 kwa kawaida lazima apite kozi ya usalama wa uwindaji ndipo auziwe kibali cha bunduki. Masika unaruhusiwa ndege wawili tu, wiki ya kwanza asizidi mmoja, na huwezi kuua wawili siku moja. Lazima awe dume, au ndege mwenye ndevu zinazoonekana, maana bata mzinga dume ana kishungi cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani, na majike wachache nao huota. Ukishampata, unatoa taarifa kwa simu au kwa intaneti siku hiyo hiyo kabla ya saa nne usiku, unapewa namba, na namba hiyo inaambatana na nyama. Kuuza nyama yake ni marufuku kabisa. Kumpa jirani ni ruksa.

Kwa Waswahili wa huku kuna jambo jingine. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukazi wa kudumu, anaruhusiwa bunduki kama mkazi yeyote, lakini aliye kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kwa kawaida, na leseni ya uwindaji ni mojawapo ya njia chache za kutoka kwenye katazo hilo. Usichukue maneno ya kijiweni. Muulize mwanasheria kabla hujagusa hata bunduki ya rafiki, kwa sababu kosa la bunduki ni kosa linaloweza kukurudisha ulikotoka.

Ndege wenyewe walikaribia kwisha, na sikujua hilo mpaka mzee mmoja wa kazini aliponieleza tukiwa kwenye gari lake. Misitu ya Missouri ilikatwa sana kwa mbao, watu wakawinda mwaka mzima kwa kula na kwa kuuza, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikadiriwa kubaki chini ya 2,500 katika jimbo zima. Walishajaribu kuachia porini ndege waliofugwa bandani. Haikufaa kitu, ndege aliyekulia bandani hamjui mbweha. Kuanzia 1954 Idara ya Uhifadhi ya Missouri ikaanza kuwanasa wale wa porini wenyewe kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo, ikawahamishia kaunti zilizokuwa tupu, na mwaka 1960 msimu ukafunguliwa tena kwa siku chache katika kaunti chache. Sasa wapo karibu kila penye miti na uwanda, ingawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi imeshuka na vifaranga wanaosalimika ni wachache kuliko zamani.

Aliyelipia ni nani? Wawindaji kwanza: tangu 1937 kuna sheria ya Marekani nzima inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo zinarudi kwenye wanyamapori. Halafu mwaka 1976 wapiga kura wa Missouri wakakubali kukatwa senti moja katika kila dola nane ya manunuzi kwa ajili ya uhifadhi. Yaani hata mama anayenunua sabuni amechangia bata mzinga. Ndiyo maana kuna maeneo makubwa ya umma ambako mtu kama mimi, asiye na shamba wala mjomba mwenye shamba, anaingia na kibali chake na haulizwi wewe ni wa nani. Mara nyingine nawaza wakulima wetu pembezoni mwa hifadhi, wanaolala macho kulinda mahindi dhidi ya tembo na hawaoni hata mfupa. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Msimu unafunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili na unakwenda wiki tatu. Kwenye maeneo ya umma ruhusa ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi saa saba mchana. Kwa Mwislamu ratiba hii haina usumbufu: unaingia msituni gizani, unaswali Alfajiri kwenye majani makavu, ukitoa salamu mwanga ndio unaanza kupasua, na ndege bado wako juu ya miti.

Unawajuaje walipo? Hapa nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Yule mzee aliweka viganja mdomoni akalia kama bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wanasubiri taarifa ya msiba. Huku watu wazima wanasimama gizani wakiigiza bundi kwa makusudi, kwa sababu dume wa bata mzinga masika ana hasira na kila sauti, na akimsikia bundi anashindwa kujizuia, anajibu papo hapo: gologologolo! Sauti inaviringika bonde zima. Basi umejua yupo mti gani, au angalau upande gani. Mpaka leo mimi silii kama bundi. Natumia filimbi ya kunguru, kazi ni ile ile na nafsi inatulia.

Kisha unakaa. Unatafuta mti mpana kuliko mabega yako, unauegemea kwa mgongo, magoti juu, bunduki juu ya goti. Mti mpana si kwa starehe. Ni ili mwindaji mwingine akikosea asikupige kutoka nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayevaa nyekundu, nyeupe wala buluu, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mtu mwenye papara akiona doa jekundu kwenye kichaka anaweza kufyatua. Mimi nikitembea navaa kizibao cha rangi ya machungwa, hata kama masika sheria haikilazimishi, navua nikishakaa. Na niseme wazi bila kuizunguka: mtu mweusi mwenye nguo za mabaka na bunduki pembeni ya shamba la watu anahitaji tahadhari ambayo mzee wangu haihitaji. Nikitaka kuomba ruhusa kwa mkulima naenda mchana, Jumamosi, na mtoto mmoja, bila bunduki. Wapo wanaokataa kwa heshima, wapo wasiofungua mlango, na wapo waliosema ndiyo na kuniongezea kapu la mayai.

Ndege huyu hanusi, lakini jicho lake ni balaa. Anaona karibu pande zote na anaona kidole kinachojikuna. Kwa hiyo kazi yako ni kutulia, kuliko unavyofikiri umetulia. Chombo cha kumwita ni kisanduku cha mbao chenye kifuniko kilichopakwa chaki kinachosuguliwa kwenye ukingo, kinatoa sauti ya jike anayetafuta mwenzi. Mwanafunzi yeyote hukisugua kupita kiasi. Mzee alinishika mkono. "Ameshakusikia," akasema. "Sasa mwache ahangaike." Kwa kawaida ya ndege hawa, jike ndiye anayemfuata dume. Wewe unamgeuzia desturi, unataka dume ndiye aje. Ukiita sana anasimama kifua mbele, mkia umefunguka, anakusubiri uende, na mtasubiriana mpaka saa saba iwakute. Ukinyamaza anaingiwa na wasiwasi kwamba jike ameondoka na mwingine.

Wa kwanza wangu alikuja hivyo. Alijibu akiwa mtini, akajibu akiwa chini, kisha kimya kirefu ambacho kila mwindaji hukitafsiri vibaya. Kilichotangulia ni mlio mwingine, mzito, wa kifuani, unaousikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Ndio mlio anaoutoa akijitunisha. Halafu kichwa cheupe juu, buluu mashavuni, nyekundu shingoni, kikapita nyuma ya gogo. Mzee alikuwa ameniambia nisubiri ndani ya hatua thelathini na tano, nisubiri anyooshe shingo, nilenge pale manyoya yanapoishia na ngozi inapoanza. Shotigani yenye marisau, yaani vipunje vya risasi, hulengwa shingo na kichwa, kamwe si mwili, kwa sababu mwili ukijaa marisau unatafuna chuma na nyama yote imeharibika. Nikasema Bismillahi, nikafyatua.

Hapo ndipo penye swali la halali. Nililiuliza kwa masheikh kabla, sikusubiri niwe na ndege mkononi. Waliloniambia ni hili: mawindo ni halali kwa aliyetaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, ikiwa risasi imepenya na kumwaga damu. Ukimkuta bado ana uhai, mchinje. Wapo wanaoshikilia tahadhari zaidi kuhusu bunduki, na kila mtu amfuate anayemwamini. Mimi nina kisu kiunoni, nafunga usalama wa bunduki kwanza, kisha nakwenda mbio, na anayeniona kwa mbali atadhani nafukuzwa. Bata mzinga aliyepigwa shingoni hupiga mabawa kwa nguvu muda mfupi. Dume mzima ana vipi miguuni, ile miiba kama ya jogoo, vyenye ncha, virefu hata inchi moja na zaidi, kwa hiyo ukimkamata, kamata miguu juu ya vipi na ukikanyage kichwa.

Aprili huku inaweza kuwa baridi asubuhi na joto saa sita, kwa hiyo matumbo yatoke mapema na ndege aingie kwenye boksi la barafu. Dume aliyekomaa ana uzito wa kama paundi 20 akiwa hai. Akishanyonyolewa na kutolewa matumbo hubaki na paundi kumi na nne hivi. Na hapa ndipo mimi na wenzangu wa kazini tunapoachana njia.

Wao wengi hawanyonyoi. Wanachana ngozi ya kifua, wanachomoa minofu miwili ya kidari, mikubwa kweli, na wengine wanaishia hapo. Mapaja wanasema ni mpira, mabawa hayana maana, firigisi ni ya paka. Sheria ya Missouri inakataza kutupa sehemu ya mnyama ambayo kwa kawaida huliwa na watu, lakini kuna kutupa na kuna kutopenda, na niliona mapaja yakizeeka kwenye friza za watu mpaka yanageuka barafu ya kijivu. Nikaanza kuomba. "Kama huyataki mapaja, nipe na namba yake ya taarifa." Walishangaa, wakanipa. Msimu wangu wa kwanza nilikula bata mzinga kabla sijaua bata mzinga.

Mimi nanyonyoa. Maji yawe ya moto yasiyochemka, ukitia kidole unakitoa haraka, kama nyuzi 65 hivi za Selisiasi. Yakichemka ngozi inaiva na kuchanika. Unamzamisha, unamzungusha, unajaribu unyoya wa mkia, ukitoka kirahisi unaanza. Mke wangu alikuwa na shaka siku ile ya kwanza, amesimama mlango wa gereji na mikono kiunoni. "Huyu ni ndege au mbuni?" Lakini harufu ya manyoya yaliyolowa ilipompata akakunja mikono ya gauni. Harufu ile ni ya Idd kijijini, hakuna maelezo zaidi yanayohitajika.

Kitu kimoja lazima ukijue kuhusu dume wa masika. Mbele ya kifua, chini ya ngozi, ana bonge la mafuta mazito ya njano kama sponji. Ndiyo akiba yake ya msimu wa kujamiiana, maana wiki hizo anasahau kula, kazi yake ni kutamba. Mafuta hayo yana ladha nzito isiyopendeza. Yaondoe yote, kwa kisu na kwa vidole. Wengi wanaosema nyama ya porini inanuka wamepika na sponji. Na tembeza vidole kwenye shingo na juu ya kifua kutafuta marisau. Penye unyoya ulioingia ndani ya nyama, fuata, mwisho wake utakuta punje.

Halafu unamgawa, kwa sababu ndani ya ndege huyu kuna nyama mbili zisizopikika pamoja. Kidari hakina mafuta na kinaiva upesi. Mguu ni kano tupu, na kano za chini ya goti zimekuwa ngumu kama njiti za mfupa. Ukimwoka mzima kwenye oveni kama wanavyofanya na yule wa sikukuu ya Shukrani ya Novemba, kidari kitakauka kama chaki wakati paja bado linakuvuta meno. Yule wa dukani amefugwa awe na kifua kikubwa na mafuta, na mara nyingi ameshachomwa sindano ya maji ya chumvi kiwandani. Wa porini hajachomwa kitu. Ndiyo maana nasema si wa kuoka.

Mapaja, mabawa, shingo na mgongo naviweka kwenye sufuria kubwa na maji yanayofunika, chumvi, tangawizi ya kutwanga, kitunguu saumu, kipande cha mdalasini na ndimu mbili. Moto mdogo. Povu linalopanda unalitoa. Ukishalitoa, saa tatu za kwanza usiguse nyama, usionje. Presha kuka inafaa kama una haraka, dakika hamsini hadi saa nzima, lakini moto mdogo unatoa supu nzuri zaidi. Utajua ameiva pale mfupa wa paja ukiuzungusha unatoka wenyewe na zile njiti zinaachana na nyama. Zichomoe moja moja mkononi, watoto huzipigania, sijui kwa nini. Supu inayobaki ni ya rangi ya dhahabu iliyokolea, ikipoa inaganda kama jeli, na hapo unajua umemtendea haki. Asubuhi na chapati, pilipili na ndimu ya ziada, mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwandani anarudi duniani.

Ile nyama iliyochambuliwa ndiyo ya pilau. Kaanga vitunguu vingi mpaka viwe vya kahawia kabisa, karibu na kuungua, maana ndipo rangi inapotoka. Tia saumu na tangawizi, binzari nyembamba, iliki, karafuu chache, pilipili manga ya punje, viazi. Nyama iingie, ikaangike na viungo mpaka inaanza kushika sufuria. Mchele uliooshwa, kisha badala ya maji mimina supu yake mwenyewe. Ukiwa na supu ile huhitaji kidonge chochote cha ladha. Wakongo tunaoswali nao wanampenda zaidi kwa mchuzi wa nyanya na mboga pembeni, na mke wangu, ambaye mama yake ni mtu wa Tanga, humtia tui la nazi la kopo na kuapa kuwa ni kanga. Simbishii. Anamkaribia kanga kuliko ndege mwingine yeyote niliyekula huku.

Kidari kina njia mbili. Ya kwanza ni mishikaki. Kata minofu kinyume na nyuzi za nyama, vipande vya unene wa kidole gumba, loweka usiku mzima kwenye mtindi, tangawizi, saumu, pilipili na chumvi. Mtindi unalainisha bila kuigeuza kuwa uji. Makaa makali, muda mfupi. Nina kipimajoto cha dola chache, nachoma katikati ya kipande kinene, kikisoma nyuzi 74 naondoa hapo hapo. Ni kiwango cha usalama cha nyama ya ndege, na ukikipita kwa dakika tano tu umerudi kwenye chaki. Ya pili ni kukata vipande vyembamba, kuvipiga kwa mchi viwe vyembamba zaidi, kuvipaka unga na pilipili manga na kuvikaanga. Watoto wangu waliozaliwa huku wanaita hiyo ndiyo nyama halisi, na pilau wanaita chakula cha baba.

Firigisi, moyo na maini hayafiki sahani ya mgeni. Firigisi ya dume ni kubwa ya kujaza kiganja. Ichane, toa mawe, menya lile ganda la ndani, chemsha mpaka ilainike, kisha kaanga na kitunguu na pilipili hoho. Hiyo ni ya aliyenyonyoa.

Sasa hesabu, maana kichwani kwa watu wengi swali ni moja. Kibali chini ya dola 20. Pakiti ya risasi za bata mzinga, ambazo huwa chache, inaweza kuizidi bei ya kibali, lakini inakaa misimu kadhaa. Mafuta ya gari inategemea unaishi wapi. Bunduki niliazima kwa mzee, kisha nikanunua ya mkononi baadaye. Ukiongeza bunduki mpya, nguo za mabaka, buti, viti na makorokoro yote yanayouzwa kwenye maduka yale makubwa ya wawindaji, paundi moja ya bata mzinga wako itakuwa ghali kuliko mbuzi yeyote wa Msomali. Na Novemba, wiki ya Shukrani, maduka huuza bata mzinga aliyegandishwa chini ya dola moja kwa paundi ili kuwavuta wateja. Kwa kalamu na karatasi tu, hakuna mwindaji anayelishinda duka wiki ile. Kinachofanya ya kwangu iwe nafuu ni kwamba sinunui makorokoro, na silinganishi na bata mzinga wa dukani. Nalinganisha na mbuzi na kuku wa kienyeji, ambao ndio ndege huyu huchukua nafasi yao mezani. Ndege wawili masika, na wale wa msimu wa Oktoba ambako hata jike anaruhusiwa, pamoja na mapaja ya watu wasioyapenda, vinatosha kufanya kadi ya benki ipumue.

Kuna gharama ambayo haiandikwi popote: kupe. Misitu ya Missouri masika imejaa, na yupo mmoja, jike wake ana doa jeupe mgongoni, ambaye akikuuma anaweza kukuachia mzio wa nyama. Si hadithi. Kuna sukari iliyomo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, na mwili wa aliyeumwa huanza kuipinga. Mtu anakula nyama jioni, usiku wa manane anaamka amevimba au anashindwa kupumua. Mwenzetu mmoja wa kazini yamempata. Hamgusi ng'ombe tena, maziwa anayaogopa. Ndege hawana sukari hiyo, kwa hiyo bata mzinga ndiyo nyama yake sasa, na zamu ya kuomba mapaja imemgeukia yeye. Mimi napulizia permetrini, dawa ya kuua kupe, kwenye suruali na buti siku moja kabla, nikaushe, nachomeka suruali ndani ya soksi, na nikirudi navulia nguo gereji na kujikagua mpaka nyuma ya masikio kabla sijamsogelea mtoto.

Habari zimeenea msikitini, kwa hiyo Mei simu zangu nyingi si za salamu. Mwenye kutaka, sheria inasema nyama iliyotoka mkononi mwangu iwe na jina langu, anwani, tarehe na namba ya taarifa, kwa hiyo kila mfuko naubandika karatasi. Mapaja huisha ya kwanza. Kidari, ambacho Wamarekani wanakigombania, ndicho kinachobaki kwenye friza, na wiki iliyopita mama mmoja wa Bukavu alinirudishia mfuko mlangoni: "Baba, hii ya kifua wape wazungu wako. Mimi nimesema miguu." Nikamwambia asubiri Oktoba.